Hulka, Uhalifu na Jina la Kondele

Wapo vijana wa Kondele, mtaa wa Kisumu, ambao wakienda kutafuta kazi upande wa Milimani wanakokaa wenye nacho, au wakifika Nairobi, hawasemi wanatoka Kondele. Husema wanakaa karibu na Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, au hutaja Migosi, mtaa jirani usiotisha mtu. Wanajua kwamba jina la kwao limeshawatangulia. Mwajiri akilisikia huona mawe, matairi yanayowaka na moshi wa vitoa machozi, na kabla hajafungua bahasha ya vyeti ameshaamua mtu aliyeketi mbele yake ana hulka gani.

Je, uhalifu hutoka ndani ya mtu? Wapo watu waliozaliwa, au waliolelewa, wakawa na hulka inayowapeleka kwenye wizi, ngumi na damu? Swali hili limechimbwa kwa zaidi ya miaka 100 na majibu yapo, mengine ya kuaminika kabisa. Ila majibu hayo yanahusu jambo moja, nasi tumeyabebesha jambo jingine. Hulka inaweza kutusaidia kuelewa kwa nini, kati ya ndugu wawili waliolala kitanda kimoja katika mtaa wa Manyatta, mmoja aliingia wizini na mwingine akaingia gereji. Haiwezi kutueleza kwa nini Kondele huwaka na Milimani hulala. Kuyachanganya mambo hayo mawili kumewagharimu watu wa Kisumu maisha, ndiyo maana sitaiachia tofauti hiyo mpaka mwisho.

Wazo kwamba uovu hukaa katika damu hatukuletewa na Mzungu. Katika desturi za Waluo, kabla ya ndoa, jagam, yaani mshenga, alipeleleza ukoo wa upande wa pili. Kuna mwizi kwao? Kuna aliyeua mtu? Kuna jajuok, yule anayekimbia usiku na kutikisa milango ya watu? Ukoo wenye doa ulikwepwa. Waswahili nao husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini upelelezi wa jagam ulikuwa na mipaka ya busara: ulihusu nyumba moja, watu wanaojulikana kwa majina na matendo, na matokeo yake mabaya kabisa yalikuwa posa kukataliwa. Haukumpa yeyote ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu usiku.

Ruhusa hiyo ilitoka kwingine. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai kwamba mhalifu huzaliwa mhalifu, na kwamba taya, masikio na paji la uso humfichua. Ulaya ilikuja kuitupa nadharia hiyo, lakini jamaa zake walipata makao Nairobi. Katika miaka ya 1930, H. L. Gordon wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari na mwenzake F. W. Vint walikuwa wakipima mafuvu na ubongo wa Waafrika wakitafuta upungufu, na mwaka 1933 wazungu wa Kenya wakaunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Baadaye akaja J. C. Carothers, aliyeongoza Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi yake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake nyingine kuhusu saikolojia ya Mau Mau, wale walioinuka dhidi ya ukoloni.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi, wakafungiwa kambini kwa maelfu, na daktari akaitwa kueleza akili zao zina kasoro gani. Chanzo cha vita kilitolewa shambani kikapelekwa kichwani. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Algeria, alimjibu Carothers na wenzake katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961: alichokiita daktari msukumo wa asili, Fanon alikiona kama tunda la maisha chini ya ukoloni. Carothers hakuwa na kipimo cha hulka cha maana. Alikuwa na wagonjwa wa hospitali, na mamlaka ya kuwasemea mamilioni.

Nimekaa kwenye historia hii kwa sababu hoja yenyewe haikuondoka na bendera ya Mwingereza. Mtu akisema Waluo wana hasira za asili, au mtoto wa Kondele hunyonya fujo pamoja na maziwa ya mama, huyo ni Carothers bila koti jeupe. Na hapa Kisumu hoja hiyo imekuja na bunduki zaidi ya mara moja. Oktoba 25, 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali hiyohiyo ya Russia, yeye na kiongozi wa upinzani Oginga Odinga walirushiana maneno hadharani, umati ukazomea, na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa. Wenyeji hawajawahi kuikubali hesabu hiyo. Wengi waliozaliwa baada ya siku hiyo wamelelewa na simulizi lake.

Sayansi ya kweli ya hulka ni nyenyekevu kuliko ile ya Mathari. Hans Eysenck wa London alijaribu mwaka 1964 kueleza uhalifu kwa uchangamfu uliopita kiasi na wepesi wa wasiwasi, kisha baadaye akaongeza ugumu wa moyo. Iliyosimama vizuri zaidi ni hiyo ya tatu. Watafiti waliofuata, wakitumia mpangilio wa sifa tano kuu za hulka unaotumika sana leo, wamekuta jambo linalojirudia: wanaovunja sheria mara kwa mara huwa wamepungukiwa na sifa mbili, yaani kuwajali wengine, na kujidhibiti pamoja na kupanga mambo. Kelele haimo. Ukali wa sauti haumo. Manamba anayening'inia mlangoni mwa matatu pale chini ya daraja la Kondele, akiita abiria wa Kakamega huku akigonga bodi kwa kiganja, anaweza kuwa na huruma kuliko karani mpole anayehamisha pesa za ushirika kwenda akaunti ya shemeji yake.

Tena wahalifu sugu ni wachache popote walipohesabiwa. Mwaka 1972 Marvin Wolfgang na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia, Marekani. Asilimia 6 ya wavulana hao ndio waliofanya zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyorekodiwa. Mfanyabiashara wa soko la Kondele hahitaji kitabu hicho. Muulize anayeuza mitumba au omena ni nani humsumbua, atakutajia mtu, pengine na mama yake na nyumba anayolala. Hatakutajia mtaa mzima, kwa sababu mtaa mzima ndio wateja wake.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Dunedin, New Zealand, ambako watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni hadi utu uzima. Watafiti walipima uwezo wao wa kujizuia wakiwa wadogo: nani hukasirika upesi, nani hawezi kungoja zamu yake, nani huacha kazi katikati. Walipofika umri wa miaka 32, katika ile sehemu ya tano iliyokuwa chini kabisa kwa kujizuia, asilimia 43 walikuwa wamepatikana na hatia ya jinai. Katika sehemu ya tano ya juu kabisa, asilimia 13. Tofauti hiyo si ndogo, na anayesema hulka haina kazi yoyote anaukwepa ukweli. Lakini isome kwa upande wa pili pia. Zaidi ya nusu ya wale waliokuwa watukutu kabisa hawakuwa na hatia hata moja, na katika wale watulivu, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa nayo. Hakimu akimtazama mtoto mmoja kizimbani, takwimu hizo hazimwambii huyu ataangukia upande gani.

Mmoja wa watafiti wa Dunedin, Terrie Moffitt, aliandika mwaka 1993 jambo ambalo mzazi yeyote wa Kondele atalitambua. Alisema wanaovunja sheria wako wa aina mbili. Wachache huanza wakiwa wadogo sana, huendelea ujanani na huzeeka nayo. Kwao kuna hulka, kuna malezi mabaya, mara nyingine kuna matatizo ya ubongo tangu tumboni. Wengi huanza wakiwa na miaka 13 au 14 na huacha wakipata kazi, mke na mtoto. Hao wa pili hawana kasoro ya hulka. Wana umri. Wanaume wengi waliokuwa mstari wa mbele kwenye mawe ya baada ya uchaguzi wa 2007 leo ni baba za watu, wana vibanda, wanasali Jumamosi au Jumapili, na wanawafokea watoto wao wasikaribie barabara kukiwa na maandamano. Kumfunga kijana wa kundi hili katika gereza la Kodiaga pamoja na wale wa kundi la kwanza ni kumpeleka shule.

Kuna pia watu wanaoitwa saikopathi, wasioona uchungu wa mwenzao wala kujutia, ambao Mkanada Robert Hare aliwatungia orodha ya vipengele 20 yenye alama 40. Wapo kweli, na ni hatari, lakini ni sehemu ndogo sana ya watu, na wapo katika kila tabaka, wengine wakiwa wamevaa tai. Sinema zimewakuza kupita kiasi na sina haja ya kuziongezea.

Kabla hatujabeba vipimo hivi vyote hadi mahakama za Kisumu, kuna onyo lililotoka jirani kabisa. Watafiti Rachid Laajaj na Karen Macours waliwapima mamia ya wakulima wa Siaya kwa maswali ya kawaida ya hulka, yale yanayotumika Ulaya na Marekani, kisha wakachunguza kama maswali yanapima kinachodaiwa kupimwa. Majibu yaliyumba. Mtu akiulizwa na mgeni kama yeye ni mchapakazi, atakubali. Walipoulizwa baadaye kama wao ni wavivu, wengine walikubali pia, kwa adabu au kwa kutaka yaishe. Mwaka 2019 Laajaj na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu kutoka nchi 23 zenye kipato cha chini na cha kati na kukuta tatizo lilelile. Kwa hiyo ikiwa kuna afisa anayepanga kuwachuja vijana wa bodaboda kwa dodoso la hulka lililotolewa kwenye intaneti ili ajue nani atakuwa mhalifu, atakachopima ni jinsi walivyozoea kuwajibu wakubwa.

Hata kule kujizuia kwenyewe si kitu kimoja kila mahali. Wengi wamesikia jaribio la Walter Mischel: mtoto anapewa peremende laini, anaambiwa akingoja bila kuila atapewa ya pili. Waliongoja walisemekana kuwa na maisha mazuri baadaye. Jaribio hilo liliporudiwa kwa watoto wengi zaidi, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, sehemu kubwa ya uhusiano huo ilipungua mara tu hali ya nyumbani ilipotiwa katika hesabu. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Celeste Kidd na wenzake walionyesha jambo la kufikirisha zaidi. Mtoto ambaye muda mfupi uliopita mtu mzima alimwahidi vifaa vya kuchorea na hakuvileta, hakungoja peremende. Ambaye ahadi yake ilitimizwa, alingoja kwa muda mrefu zaidi. Ni watoto walewale wa kawaida, kilichobadilika ni kuaminika kwa anayeahidi. Na ilipofika zamu ya watoto wa Wanso wa Kameruni kupimwa sambamba na wa Ujerumani, karibu asilimia 70 ya Wanso walingoja hadi mwisho, dhidi ya chini ya asilimia 30 ya Wajerumani. Waliodaiwa na Carothers kuwa hawana breki ndio waliokuwa nazo.

Mwangalie sasa kijana mwenye pikipiki ya kukodi pale steji ya Kondele. Jioni ampelekee mwenye chombo hesabu ya siku, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Mafuta ni yake. Njiani kuna askari anayetaka chochote, na askari wa kaunti anayeweza kukibeba chombo hadi kituoni. Kazi alizoahidiwa wakati wa kampeni alizingoja hadi kampeni nyingine. Kiwanda cha nguo cha KICOMI, ambacho kingemwajiri kama kilivyowaajiri wazee wake, kilianguka katika miaka ya 1990. Akitumia leo alichopata leo, mtu wa mbali atasema hana uwezo wa kujizuia. Lakini kijana huyohuyo kila jioni anatoa kiasi chake kwa mweka hazina wa chama chao cha steji, anaandikiwa kwenye daftari lenye jalada lililochakaa, na anangoja zamu yake kwa miezi. Anajua itafika, kwa sababu mweka hazina anakaa plot ya pili na hawezi kukimbia. Subira anayo. Anaiweka mahali ambapo haijawahi kuibiwa.

Tumezungumzia mtu mmoja mmoja. Umati una hesabu yake, na Kondele inajulikana kwa umati. Mwaka 1978 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alieleza hesabu hiyo kwa mfano ambao nautafsiri kwa barabara yetu. Chukua watu 100 waliosimama kwenye mzunguko. Kila mmoja ana kiwango chake: wa kwanza atarusha jiwe hata akiwa peke yake, wa pili atarusha akimwona mmoja amerusha, wa tatu akiwaona wawili, na kuendelea hadi wa mia ambaye anahitaji kuona 99. Wa kwanza akirusha, wote 100 watarusha. Sasa mtoe yule wa pili tu, umweke mwingine anayehitaji kuwaona wawili. Wa kwanza atarusha jiwe lake, atatazama nyuma, hakuna mtu. Gazeti la kesho litaandika kwamba mwehu mmoja alirusha jiwe. Wastani wa hulka za watu hao haujabadilika kwa kiasi cha kuonekana, lakini upande mmoja tuna ghasia na upande mwingine tuna kichekesho. Anayetazama ghasia na kusema watu wa hapa ni wakali anasoma mioyo ya watu kwenye matokeo ambayo hayakutokana na mioyo peke yake.

Kilicho muhimu zaidi, viwango hivyo hupanda na kushuka. Kitoa machozi kikitupwa kwenye ua wa nyumba yenye mtoto mchanga, baba aliyehitaji kuona watu 80 atahitaji kuwaona watano. Historia ya karibuni imetupa ushahidi usiohitaji maabara. Machi 2013 Mahakama ya Juu ilipothibitisha ushindi wa Uhuru Kenyatta dhidi ya Raila Odinga, Kisumu ilichafuka na watu wakauawa kwa risasi. Oktoba 26, 2017 uchaguzi wa marudio haukufanyika Kisumu kabisa. Machi 9, 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House, na mawe yakakoma. Novemba 10, 2021 msafara wa William Ruto ulipopita Kondele, mawe yakarudi. Septemba 5, 2022 Mahakama ya Juu ilithibitisha ushindi wa Ruto huyohuyo, na mji ukatulia watu wakaenda kazini. Machi 2023 maandamano ya muungano wa upinzani wa Azimio yakauwasha tena. Hulka ya mtu mzima ni kitu kizito, hubadilika polepole kwa miaka. Hakuna hulka inayofuata ratiba ya siasa namna hiyo.

Magenge nayo yana ratiba. Baghdad Boys wa Kisumu walikuwa miongoni mwa makundi 33 yaliyopigwa marufuku mwezi Oktoba 2010, na baadaye tukasikia China Squad na American Marines. Ndani ya kila genge wapo wachache wa lile kundi la kwanza la Moffitt, wasio na huruma tangu utoto. Lakini genge halilishwi na hulka. Linalishwa na mtu mwenye pesa anayehitaji steji, soko au mkutano wa hadhara, na mtu huyo kwa kawaida hakai Kondele.

Wengine watasema uhalifu si siasa tu: kuna simu zinazonyakuliwa jioni, kuna watu wanaokabwa kwenye vichochoro. Ni kweli, na anayekabwa hana nafasi ya kusikiliza nadharia. Lakini tazama kinachofuata mara sauti moja inapopiga kelele ya mwizi. Fundi cherehani anaacha kitambaa kwenye sindano. Mwenye duka anatoka na kipande cha mbao alichokuwa akifungia mlango. Kijana aliyetoka kuuza maji anaokota jiwe. Mtu mmoja, ambaye Jumapili hushika kapu la sadaka, anauliza petroli iko wapi. Ndani ya dakika kumi kuna mtu amekufa barabarani, na aliyeiba simu anaweza kuwa ndiye aliyekuwa na kosa dogo kuliko wote waliokuwepo. Wapime hulka wauaji hao kesho yake asubuhi, kila mmoja kwenye kibanda chake. Utawakuta wa kawaida kabisa: wanajali, wanajipanga, wanalipa karo. Nadharia ya hulka inayomtafuta mhalifu kwa ukosefu wa huruma itawapita wote bila kuwagusa. Hilo ndilo linalonitisha zaidi katika somo hili lote.

Na hapo lazima tuwageukie waliovaa sare. Januari 16, 2008, katikati ya machafuko yaliyofuata uchaguzi, kamera ya KTN ilinasa polisi wakiwafukuza waandamanaji Kondele. Vijana wanaonekana wakiwa mikono mitupu, wakiwakejeli askari kwa kuchezesha miguu na mikono hewani. Askari mmoja anakimbia mbele, anafyatua, wawili wanakufa. Nchi nzima iliiona picha hiyo. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia kwa sababu bunduki iliyofikishwa mahakamani haikulingana na ile iliyoorodheshwa kuwa alikabidhiwa. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko hayo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, 405 vikiwa vya risasi, na Kisumu risasi ndiyo iliyokuwa muuaji mkuu.

Angalia jinsi maelezo yanavyogawanywa. Kijana wa Kondele akirusha jiwe, lawama hupewa mtaa mzima. Askari akiua, lawama hupewa mtu mmoja, tukaambiwa kila kapu lina embe bovu. Upande mmoja wote wana hulka mbaya, upande mwingine ni huyu tu. Lakini askari naye yuko ndani ya umati wenye viwango vyake, wenye amri, risasi za moto alizopewa asubuhi, hadithi alizosimuliwa kambini kuhusu watu wa mtaa huu, na kumbukumbu ya wenzake ambao hawakuwahi kuulizwa. Mwelekeze mtu mwenye huruma ya kawaida kwenye hali hiyo na huruma yake itakuwa na kazi kubwa.

Agosti 2017, baada ya uchaguzi, kwenye mtaa wa Nyalenda, polisi waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba usiku waliingia kwenye nyumba ya mtoto wa miezi sita, Samantha Pendo. Alipigwa kichwani, akafariki siku chache baadaye. Mwezi Februari 2019 uchunguzi wa mahakama ya Kisumu uliona polisi ndio wenye kuwajibika. Kisha mwezi Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha maafisa 12 washtakiwe chini ya Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya mwaka 2008 kwa uhalifu dhidi ya binadamu, wakiwemo makamanda. Kesi ikienda vyovyote, kibali hicho kiliuliza swali ambalo Kenya ilikuwa haijaliuliza kwa njia hiyo: mbali na mkono ulioshika rungu, nani aliupanga usiku ule? Kwangu hilo ni jibu la kisayansi kuliko ripoti zote za Mathari.

Basi hulka iachwe kabisa? La. Ikishughulikiwa kwa mtu mmoja mmoja inaleta matunda, na mfano bora uko Afrika. Kati ya mwaka 2009 na 2011, Monrovia nchini Liberia, wanaume 999 walioishi kwa wizi, dawa za kulevya na ngumi, wengine wapiganaji wa zamani, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa wiki nane za mafunzo: jinsi ya kusimama kabla ya kulipiza, kupanga siku, kuvaa na kwenda benki au dukani bila kuogopa kufukuzwa. Baadhi walipewa dola 200 tu. Baadhi walipewa vyote viwili, na baadhi hawakupewa kitu. Chris Blattman na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2017, kisha wakarudi kuwatafuta watu hao baada ya miaka 10. Waliopewa pesa peke yake walikuwa wamerudi walikokuwa. Waliopata mafunzo pamoja na pesa walikuwa wamepunguza uhalifu na ukatili kwa karibu nusu ukilinganisha na wasiopewa kitu, na athari ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wabaya zaidi mwanzoni. Watafiti hao waliamini pesa zilisaidia kwa sababu zilimpa mtu miezi michache ya kuishi kama yule mtu mpya hadi akamzoea.

Waliendesha mafunzo hayo kupitia shirika la wenyeji, na baadhi ya wakufunzi walikuwa wenyewe wamepitia vita na mitaa hiyohiyo. Hapa Kisumu mahakama humtuma afisa wa probesheni aandike ripoti kuhusu mshtakiwa: familia, shule, tabia, marafiki. Afisa hupanda bodaboda hadi Manyatta au Obunga, huongea na mama na mzee wa mtaa, na mara nyingi hurudi na picha sahihi kuliko dodoso lolote. Ripoti ikishasomwa, kinachobaki ni kifungo, faini au kuripoti ofisini kila mwezi, kwa sababu hakuna darasa la wiki nane la kumpeleka kijana huyo. Walimu wa darasa hilo tayari wako Kondele. Ni wanaume waliotoka Kodiaga wakaacha uhalifu, ambao vijana wa steji huwaita wakigombana usiku, na hakuna anayewalipa.